Sababu: Ndege

Kabati la shule ya misheni pale Igungili
mchwa walilila mpaka rafu ya tatu.
Ya nne hawakuigusa. Labda walishiba Zaburi.
Humo nikakuta daftari la mahudhurio, mwaka hamsini na tatu,
jalada la buluu limegeuka jivu.

Nilitumwa kuhesabu madawati mabovu,
sikutumwa kumtafuta mama.

Lakini yumo. Mstari wa kumi na moja:
Mbeho binti Chidosa.
Na juu yake, kwa wino mwingine, Loisi,
jina alilopewa kwa maji ya kisima cha misheni,
ambalo bibi alikataa kulitamka hadi anazikwa:
linateleza ulimini kama mlenda, alisema, na halishibishi.

Januari: yupo, yupo, yupo.
Februari: yupo, yupo, mvua, yupo.
Machi uwele ukatoa masuke,
na Mwalimu Yeremia Masima,
mwandiko umeinama kama mtu apandaye mlima,
akaanza kujaza safu ya mwisho, ile ya Sababu:
ndege.
ndege.
ndege.
Watoto ishirini na wawili, ukurasa mzima, ndege.

Asiyelima Ugogo atadhani ni mzaha.
Hajaona kweleakwelea wakishuka alfajiri
na kumaliza jasho la miezi minne
kabla uji haujachemka.
Huku njaa hupewa majina, kama watoto.

Babu alimwambia Mzungu wa misheni:
Kitabu chako hakifukuzi ndege.
Mzungu, kwa Kiswahili chake cha mimbarini,
akamsimulia habari za ndege wasio na jembe
ambao Mungu mwenyewe huwalisha.
Babu akaegemea fimbo, akafikiri.
Ndiyo hao hao, akasema. Anawalishia kwangu.

Hili mama alinisimulia mara nyingi, akipepeta, akicheka
hadi makapi yanamwingia mdomoni.
Habari ya Aprili hakunisimulia.

Aprili, tarehe kumi na tatu, mwandiko ule ule:
yupo.
Na pembeni, kwa herufi ndogo kama punje:
Somo limefanyika shambani, kwenye dungu.
Kumi na nne, yupo. Kumi na tano, yupo.
Wino mwekundu wa mkaguzi umeuliza:
Dungu ni nini?
Hakuna aliyemjibu.

Ni fito nne, bwana mkaguzi, na jukwaa la mabua,
na mtoto juu yake mwenye kombeo na mabonge ya udongo,
na koo.
Namwona Yeremia chini, suruali imejaa miiba,
anaandika kwa chokaa kwenye bapa la jembe,
analiinua juu kama ngao.
A! anapiga kelele mama, na wingu la ndege linanyanyuka.
E! linayumba.
I! linahamia kwa jirani,
ambaye mtoto wake hakuandikishwa.

Kumbe ndiyo maana. Hadi uzeeni
hakuweza kusoma kimya.
Barua ya kaka kutoka Itigi, karatasi ya dawa za presha,
kila neno alilirusha mbali, mkono ukifuata,
na kuku uani walikimbia.
Sisi tulimwonea haya mbele ya wageni.

Septemba mstari wake umekatwa kwa rula.
Safu ya Sababu ni tupu.
Hata Yeremia, aliyeandika ndege mara zote zile,
hakuandika ng'ombe.
Walikuwa kumi na wanne. Babu aliwajua kwa rangi, mmoja mmoja,
na mwaka ule hakuna aliyelala njaa nyumbani kwake.
Nami nilizaliwa humo, siwezi kulaani.

Jioni nilijaza ripoti ya halmashauri.
Madawati mabovu: kumi na tisa.
Kabati: moja, halifai.
Daftari la mahudhurio:
nikasita, kalamu hewani, begi langu limetuna miguuni.
Nikaandika: limeliwa na mchwa.
Na kwenye mchororo, nje, kitu kikaruka.